Mnaotoka pwani kwenda kwenye theluji, ongezeni siku mbili

Ukipita Ukunda, Msambweni au hapa Shimoni msimu wa Kusi, utawasikia vijana wakizungumzia jambo ambalo baba zao hawakulizungumzia sana: kupanda Mlima Kenya au Kilimanjaro wakaione theluji. Wafanyakazi wa hoteli za Diani wanachangishana, walimu wanaingojea likizo ya Agosti, na wanachama wa vyama vya akiba wanaweka fedha za mlima mahali pa zile za safari ya Malindi. Mimi nawaunga mkono. Mtu anayeshinda ameketi dukani au kwenye tuktuk na kuongeza kilo kila mwaka, akianza kutembea kutwa mara mbili tatu kwa juma ili ajiandae kwa mlima, amejipatia dawa ambayo mimi sina ya kumwandikia.

Kinachonitia wasiwasi ni ratiba zao. Aghalabu zinafanana. Ijumaa asubuhi kuondoka pwani, jioni kulala Nanyuki. Jumamosi kutembea hadi kambi ya Old Moses. Jumapili hadi Shipton's. Jumatatu alfajiri kilele cha Lenana, picha na bendera, kisha kuteremka mbio ili watu wawahi kazini. Kwa Kilimanjaro huwa ni siku tano kwa njia ya Marangu, kupanda na kushuka.

Wenye ratiba hizo wakija kuniona, wote huniuliza juu ya baridi. Wavae sweta ngapi, wajipake mafuta gani, je ni kweli kwamba masikio hukatika? Ni nadra mno mtu kuniuliza juu ya hewa. Nami nasema waziwazi kwamba sisi watu wa pwani tunaiogopa baridi ya mlimani na kuisahau hewa yake, ilhali hiyo hewa ndiyo inayowaangusha watu wengi zaidi.

Hebu tuangalie hewa yenyewe. Tuseme umesimama gatini Shimoni, maji yakikufikia miguuni. Juu ya kichwa chako umebeba uzito wa hewa yote, nao uzito huo ndio unaoisukuma oksijeni kutoka mapafuni hadi kwenye damu. Kadiri unavyopanda, uzito huo unapungua. Kwenye mita 3,000 umebakiwa na kama asilimia 70 ya oksijeni uliyokuwa ukiivuta pwani. Lenana, kwenye mita 4,985, ni zaidi kidogo ya nusu. Kileleni Uhuru, mita 5,895, hata hiyo nusu haitimii. Ndiyo kusema kwamba pale juu unavuta pumzi mbili kupata kile ambacho Shimoni ulikipata kwa moja.

Mwili unaweza kuzoea, ila unataka muda. Kwanza unaongeza kasi ya kupumua, hata usingizini. Figo nazo hubadilisha kiasi cha chumvi zinazotoa katika mkojo, na hiyo ni kazi ya siku kadhaa. Chembe nyekundu za damu huongezeka baadaye, kwa majuma. Kwa hiyo kanuni ambayo madaktari wa milimani wamekubaliana nayo ni hii: ukishapita mita 3,000, mahali unapolala usiku pasizidi pale ulipolala jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne ulale mahali palepale usiku wa pili.

Sasa chukua kalamu uipime ile ratiba. Ijumaa asubuhi mita sifuri. Usiku, Nanyuki, karibu mita 1,900. Jumamosi Old Moses, mita 3,300. Jumapili Shipton's, mita 4,200, yaani nyongeza ya 900 kwa usiku mmoja. Saa chache baadaye, gizani, mtu ambaye juzi alikuwa akila pweza kwenye usawa wa bahari anaambiwa apande mita nyingine mia saba na themanini. Njia ya Naro Moru si afadhali, maana kutoka Met Station hadi kambi ya Mackinder ni zaidi ya mita 1,100 kwa siku moja. Kilimanjaro ukilala Mandara (2,700), Horombo (3,720) na Kibo (4,700) kwa siku tatu zinazofuatana, umeivunja kanuni maradufu kila usiku, na bado hujaanza ile safari ya usiku wa manane. Si ajabu basi kuwa tafiti zilizofanywa Kilimanjaro zimeonyesha nusu ya wapandaji au zaidi wakipata dalili za maradhi ya mlima.

Isitoshe, sisi tunaanzia nyuma ya wenzetu. Mkazi wa Nairobi analala kila siku kwenye mita 1,700 hivi. Mtu wa Nanyuki ndiye kabisa. Mtu wa Shimoni, Wasini au Vanga anaanzia chini ya ngazi, na imeonekana mara nyingi kuwa wanaoishi karibu na usawa wa bahari huathirika zaidi kuliko waliozoea miinuko. Wala usijidanganye kwa nguvu zako. Kijana acheza mpira anaweza kuugua na mama wa miaka 50 asiugue, kwa sababu yule kijana alikwenda mbio. Wageni wa Kilimanjaro hujifunza maneno mawili ya Kiswahili kabla ya yote, "pole pole", ambayo waongozaji huwaimbia tangu langoni. Inachekesha kidogo kwamba wenye lugha ndio tunaohitaji kuambiwa mara mbili.

Maradhi haya huanzaje? Huanza na kuumwa na kichwa, saa sita hadi kumi na mbili hivi baada ya kufika kimo kipya. Hufuata kichefuchefu, pengine kutapika, chakula kutopanda, mwili kulegea, kizunguzungu na usingizi wa mang'amung'amu.

Soma tena sentensi hiyo, halafu uniambie ungeuitaje ugonjwa huo kama ungekupata nyumbani kwako Kwale. Malaria, bila shaka. Tangu utotoni tumefundishwa kuwa kichwa, kutapika na kulegea kwa viungo ni malaria, na mara nyingi imekuwa hivyo kweli. Kwa sababu hiyo mtu wa pwani hubeba vidonge vyake vya AL mkobani. Kichwa kikimgonga Shipton's, humeza vidonge vinne, hujifunika, na saa nane za usiku huamka akaendelea kupanda akiamini kuwa amejitibu. Vidonge hivyo havina neno na maradhi ya mlima. Ubaya wao ni kumpa mtu moyo wa kusonga mbele saa ile alipopaswa kukaa.

Lakini kuna upande wa pili, na hapa wenzangu wa mjini Nairobi wanaweza wasiufikirie. Mbu aliyekuuma Shimoni juma lililopita anaweza kukuletea malaria ukiwa kwenye theluji. Vijidudu vyake hukaa mwilini siku saba au zaidi kabla ya homa kuanza. Kwa hiyo mtu wa pwani anaweza kweli kuwa na malaria mlimani. Utatofautishaje? Maradhi ya mlima katika hatua za mwanzo kwa kawaida hayaleti homa kali. Ukiona mtu anachemka mwili, anatetemeka kwa vipindi na kutoka jasho jingi, shuku malaria, na kile kipimo cha haraka cha tone la damu kidoleni ni chepesi kubeba. Hata hivyo maji ndani ya mapafu nayo huweza kuja na homa kidogo, basi usiketi ukibishana na kipimajoto. Magonjwa yote mawili yana jibu moja la kwanza, nalo ni kutopanda tena hata hatua moja. Mwenye dalili nyepesi akae palepale, anywe maji, ameze paracetamol, na asiendelee hadi kichwa kipoe kabisa. Ikiwa hali yake inazidi kuwa mbaya, ateremshwe. Mwenye kushukiwa malaria ateremshwe moja kwa moja hadi penye hospitali.

Zipo dalili mbili ambazo hazingoji asubuhi. Ya kwanza ni mtu kuyumba kama mlevi, kusema maneno yasiyoeleweka, au kukaa kimya na kukataa kuvaa glavu zake. Mwambie atembee juu ya mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa pili. Akishindwa, ubongo wake umeanza kuvimba. Ya pili ni mtu kuhema akiwa ameketi, kukohoa kikohozi chenye majimaji, pengine na povu la rangi ya waridi, na midomo kuingia weusi wa buluu. Huyo mapafu yake yanajaa maji. Wote hao wanaweza kufa kabla ya kupambazuka. Washushwe usiku huohuo, angalau mita 300 na ikiwezekana 1,000, wakiwa na mtu wa kuwashika. Usimpe mgonjwa kidonge cha usingizi wala pombe, wala usimwache hemani peke yake eti apumzike mkiwa mmekwenda kileleni. Waongozaji wazuri hubeba oksijeni na dawa za kupunguza uvimbe, lakini hizo ni za kumsaidia mtu ateremke, si za kumpandisha.

Kuhusu vidonge vya kuzuia maradhi haya, vipo. Jina lake ni asetazolamaidi, wengi huijua kama Diamox, na kipimo cha kawaida cha mtu mzima ni miligramu 125 mara mbili kwa siku kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Inasaidia. Itakufanya ukojoe sana na vidole vitafanya ganzi. Aliyewahi kuvimba au kutoka malengelenge kwa dawa za salfa, kama Septrin au Fansidar, amwambie daktari kwanza. Usiinunue dukani kwa jina tu.

Baridi nayo sikuisahau. Chukua usiku wa Shimoni wa Julai, ule ambao wazee hujifunga shuka: ni kama nyuzi 22. Kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa nyuzi sita na nusu hivi. Hesabu mwenyewe hadi Lenana, utafika nyuzi 10 chini ya sufuri, kabla ya kuongeza upepo. Watu wa pwani hii waliijua habari hiyo zamani. Mmisionari Johannes Rebmann alipoiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, na wanajiografia wengine wa London wakambeza miaka mingi, aliongozwa na mtu wa misafara wa Kiswahili, Bwana Kheri. Rebmann alipouliza ule weupe ni nini, kiongozi wake alijibu kwa neno moja tu, baridi. Katika safari zake aliandika pia kisa alichosimuliwa huko: mtawala mmoja wa Machame alituma watu wakaichunguze ile fedha ing'aayo juu ya mlima, na aliyerudi hai ni mmoja, mikono na miguu ikiwa imeharibika. Kama kisa hicho ni sahihi, basi ni habari ya kale sana ya mtu kugandishwa na baridi katika nchi zetu.

Baridi huua kwa kushirikiana na maji. Wavuvi wa hapa wanalielewa hili, maana aliyetumbukia usiku akakaa majini hadi asubuhi huokolewa akiwa hawezi kusema, ijapokuwa bahari yetu ina joto. Mlimani maji ni jasho lako na mvua. Fulana ya pamba ikilowa haikauki, na suruali ya jinzi ni adui. Ingieni soko la Kongowea mchague sufu na nguo za nailoni za michezo kwenye mitumba, mtapata za kuvaa tabaka tatu kwa bei ya viatu vya Idi. Viatu visikubane, maana kinachobana kinazuia damu. Mwenzako akianza kutetemeka, badilisha nguo zake na umpe chai yenye sukari nyingi. Akiacha kutetemeka na huku bado ana baridi, hapo ndipo mambo yameharibika.

Jambo moja mahsusi kwetu: tafiti za majeshi ya Marekani na Uingereza zimeonyesha kuwa askari wenye asili ya Afrika hudhurika vidole kwa baridi zaidi ya wenzao. Vitabu vinasema kidole kilichogandishwa hugeuka cheupe. Kwenye ngozi yetu hugeuka kijivujivu kama kilichopakwa majivu, kikawa kigumu na kisichohisi kitu. Usikisugue wala usikikaribishe motoni. Na miwani ya jua ni lazima. Theluji hurudisha mwangaza kuliko bahari ya saa saba mchana, na weusi wa ngozi haulindi jicho.

Kuna watu wawili zaidi ambao nawataka waje kwa daktari kabla ya kulipa nauli. Wa kwanza ni mwenye selimundu katika ukoo. Mgonjwa wa selimundu mwenyewe asiende kabisa. Lakini wapo wengi hapa pwani waliorithi upande mmoja tu, kutoka kwa baba au mama. Hawaumwi, na urithi huo huwakinga kiasi na malaria kali, ndiyo maana umeenea kwetu. Mtu kama huyo anaishi maisha yake yote bila kujua. Mlimani, penye oksijeni haba, chembe zake zinaweza kupinda na kuziba mishipa ya bandama. Dalili ni maumivu makali chini ya mbavu za kushoto. Kipimo chake ni cha damu kidogo tu, na hospitali zetu kubwa zinakifanya.

Wa pili ni mpiga mbizi wa mtungi. Kisite iko mlangoni kwetu, na vijana wanaowazamisha wageni ndio hao hao wanaoweka akiba ya kupanda mlima. Ukikaa chini ya maji ukivuta hewa ya mtungi, naitrojeni huyeyuka mwilini. Ukipanda juu upesi hutoka kwa mapovu, kama soda iliyofunguliwa kifuniko, na mapovu hayo huingia viungoni na uti wa mgongoni. Barabara ya Voi na Taveta inaweza kumtoa mtu majini asubuhi na kumlaza karibu na Marangu jioni. Tangu kuzamia mara ya mwisho, acha siku nzima ipite kabla ya kupanda nyanda za juu, na kama umezamia siku kadhaa mfululizo, acha siku mbili. Wanaoogelea juujuu na miwani hawahusiki.

Najua nitaambiwa nini na waandaaji. Daktari, siku mbili zaidi ni ada za hifadhi, chakula, mwongozaji na wapagazi. Bei ikipanda watu hawaji. Ni kweli, KWS hutoza kwa siku, na mshahara wa hoteli si mrefu. Hata hivyo siafiki kuuza safari ya siku nne kwa watu wa usawa wa bahari kisha kuiita ya bei nafuu. Mnayempunguzia ni mfuko, na mnayemwongezea mzigo ni mpagazi, ambaye ndiye atakayembeba mgonjwa mgongoni gizani. Afadhali kikundi kiende mwaka ujao kikiwa na siku sita kuliko mwaka huu kikiwa na nne. Barafu ya Mlima Kenya inayeyuka, na ripoti ya UNESCO ya 2022 ilitabiri kuwa barafu za Afrika zitakuwa zimetoweka ifikapo 2050, lakini mwaka mmoja mtaukuta bado upo.

Na sehemu ya gharama inaweza kupunguzwa. Usiku wa ziada wa kwanza ulaleni Nanyuki mjini, nje ya hifadhi, ambako hamlipi ada ya mlima, na mchana mtembee. Wa pili ulaleni Old Moses: asubuhi pandeni mita mia nne au tano bila mizigo, kaeni huko saa moja, mkirudi kambini mle chakula cha mchana palepale mlipolala. Asiyeumwa na kichwa jioni hiyo aende Shipton's kesho yake. Anayeumwa abaki na mwongozaji mmoja, na jambo hilo likubaliwe na wote kabla hamjapanda gari Ukunda.